Mitungi ya Mzee Sikio

Hospitali yetu ya wilaya ilikuwa na mitungi kumi na minne ya oksijeni na geji moja nzima ya kuonyesha gesi iliyobaki, na hiyo moja ilifungwa chumba cha upasuaji haitoki. Geji nyingine zote mishale yake ilikwama kabla sijaajiriwa. Usicheke. Tuliandika barua mpaka karani akachoka kuzipiga chapa, kisha tukazoea, na badala ya geji tukawa na Mzee Sikio.

Aliajiriwa kufagia. Wapakiaji wa lori la gesi ndio waliomfundisha kugonga mtungi kwa spana: uliojaa hutoa mlio mfupi, mzito, mtupu hulia muda mrefu kama kengele ya shule. Sisi wengine tuliishia hapo. Yeye alisikia robo, nusu na robo tatu. Akishagonga, huchora mstari wa chaki ubavuni kuonyesha gesi imebaki kiasi gani, na hakuna aliyebishana na chaki ile. Daktari mmoja mgeni aliwahi kumuuliza kama anatania. Mzee akamjibu, "Wewe ukimwekea mtu kile kidubwasha chako kifuani, kuna anayekuuliza kama unatania?" Wodi nzima ilicheka, na daktari naye.

Alikuwa mkali, tena mwenye maringo, lakini nilimpenda. Nilipofika pale, muuguzi mpya nisiye na ndugu, ndiye aliyenitafutia chumba kwa shemeji yake, akaniita mwanangu mbele za watu ili nisisumbuliwe. Sasa nenda kamwambie mtu wa namna hiyo kwamba masikio yake yamekufa.

Maana yalikuwa yanakufa. Mwanzoni mwa masika nilimwita koridoni mara tatu, nikiwa hatua nne nyuma yake, asigeuke. Nikamfuata hadi stoo, nikamkuta ameegemeza shavu kwenye mtungi, anaugonga, anaugonga tena. Aliponiona akajua kwamba nimejua.

"Imebaki miezi minane tu nistaafu, mwanangu," akasema. "Usinivue nguo mbele za watu."

"Mzee, watu wanapumua kwa chaki yako."

"Basi gonga nyuma yangu. Nikikosea, sahihisha."

Nikakubali. Hilo ndilo kosa langu na sitalipaka sukari. Kila asubuhi nilipita kwenye mitungi baada yake, na chaki ikizidi niliifuta kwa kidole nikachora yangu, naye akijitia hamnazo. Na mimi, kama nilivyosema, nilisikia kujaa na utupu tu. Ya katikati nilikisia.

Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa saa nne asubuhi. Mama yake dereva wa gari la wagonjwa aliletwa kifua kimembana, midomo imebadilika rangi. Daktari akaamua apelekwe hospitali ya mkoa, mwendo wa saa tatu. Dereva mwingine hakuwepo, ikabidi mwana amwendeshe mamake mwenyewe, na mimi nikapangwa kusindikiza. Mzee Sikio akaja na mtungi juu ya toroli, chaki ikiwa juu kabisa. Uani palikuwa pamejaa ndugu wa mgonjwa na nusu ya wafanyakazi wa hospitali.

Nikaugonga. Mlio haukunipendeza; ulikuwa mrefu kidogo kuliko ulivyopaswa. Nikamtazama mzee, naye akautazama ule umati, kisha akanirudishia macho ya kuniomba.

"Umejaa?" nikamuuliza.

"Pomoni," akasema.

Kusema "leteni mwingine" kungechukua dakika mbili. Nikasema twende.

Tulikuwa tumeenda saa moja na nusu viputo vilipokoma kwenye chupa ya maji inayopitisha oksijeni. Nikaufungua mtungi hadi mwisho, hamna kitu.

"Kaza mwendo," nikamwambia dereva.

"Kuna nini, sista?"

"Kaza tu, kaka."

Nilimshika yule mama mkono. Alihangaika, akanikaza vidole kwa nguvu ambazo sikudhani anazo, kisha akaviachia. Nilimwacha mwanawe aendeshe karibu saa nzima bila kujua amebeba maiti. Nilimwambia tulipofika getini.

Kwenye kikao, mganga mkuu aliuliza nani alipima mtungi. Mzee Sikio akasimama, akavua kofia. "Chaki ni yangu. Masikio yangu yameharibika, na sikumwambia mtu yeyote." Alinitazama mimi alipokuwa akisema hivyo. Nikainamisha kichwa. Walimrudisha nyumbani mchana uleule, na wiki iliyofuata zikaja geji mpya kumi na tatu. Barua za miaka yote zilishindwa kuzileta. Nilizifunga nikiwa na hasira ya kutaka kuzipiga ukutani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kifo kinaweza kuwa cha mama wa mtu mwingine.

Mwezi ulipopita dereva alinifuata wodini, akaweka funguo zake mezani.

"Sista, sikuwahi kukushukuru. Ulimshika mama mkono mpaka mwisho."

Ningeweza kusema asante yakaisha. Lakini nilikuwa silali, chakula hakipiti, na sikuweza kuibeba shukrani yake pia.

"Kaka, nilijua," nikamwambia. "Mzee alikuwa hasikii. Nilijua tangu masika."

Akasogea karibu na meza.

"Na ule mtungi?"

"Nilishuku."

"Ukaona afadhali mama yangu, kuliko mzee aaibike."

Nilitaka kusema sivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akachukua funguo zake akatoka. Tangu hapo tumesafirisha wagonjwa pamoja mara sita. Huniuliza, "Tayari?" nami humjibu, "Tayari," na hatuna neno lingine la kuambiana.