Ukuta wa Moyo wa Baba Njeri

Tulikuwa na punda huko Mugutha, enzi za baba yangu, wa kubeba maji. Kiangazi kimoja nyasi ziliisha, naye akaanza kusimama katikati ya njia. Baba akamchapa. Mama akasema aachwe, ingawa mama mwenyewe alitaka auzwe, lakini hayo ni mengine. Mwishowe jirani alimchukua, akamlisha, na mvua zilipokuja tukamwona akivuta mkokoteni wa mawe. Baba hakupenda kumwongelea huyo punda.

Nilimkumbuka kwa sababu ya kazi. Shule sikuenda mbali, kwa hivyo siku yangu ya kwanza hospitalini, huko Ruiru, nilipewa ufagio. Matroni akaniambia, "Hapa mtu hakimbii mpaka aone mimi nimekimbia." Baadaye nikahamishiwa Thika, kusukuma wagonjwa kwa viti vya magurudumu, upande wa daktari wa moyo. Hapo ndipo nilipozeekea.

Mgonjwa mmoja alikuwa Baba Njeri, fundi wa kuchomelea mageti pale mtaa wa Landless. Kifua kilikuwa kinambana akibeba chuma, naye akawa anakunywa dawa nyeupe ya asidi ya tumbo, vile watu wetu hufanya. Alipoletwa miguu ilikuwa imevimba, na hangeweza kulala bila kuegemea mito. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kugawana mashine zake. Walisema moyo wake umekufa, hatafanya kazi tena.

"Mzee, unanisukuma kama unanipeleka mochari," aliniambia.

"Mochari ni ule upande mwingine. Tulia."

Daktari akaweka kile kifaa cha kupiga picha kifuani pake. Akatueleza kwamba sehemu ya ukuta wa moyo imesimama. Inaweza kuwa kovu, nyama iliyokufa, na hiyo hairudi. Au iko hai, ila mshipa unaoiletea damu umeziba karibu wote, basi imejipunguzia kazi ili isife. Hapo nikamfikiria punda, lakini sikusema. Ili kujua ni ipi, unaweka dripu ya dawa ya kuusukuma moyo, kidogo kidogo, huku unatazama.

Baba Njeri alinishika mkono. Akaniuliza polepole kama wale shemeji wangemwachia hata mashine moja. Mimi kwa skrini niliona ukungu tu. Daktari akasogeza kile kifaa tena, kisha akasema, "Inasonga. Hii tunaifungulia damu."

Walipitisha waya mwembamba mshipani mpaka moyoni, wakapanua palipoziba kwa kiputo cha kujazwa ndani ya mshipa, wakaacha kibomba cha wavu kishikilie njia. Akapewa na vidonge vya kila siku. Watu hufikiri ni kama kuwasha stima. Hapana, ukuta ulichukua miezi kuamka.

Sasa nimestaafu, na ninawafikiria wale wa zamani, kabla ya vifaa hivyo kufika kwetu. Tuliwaambia moyo umechoka, nami nikawasukuma mpaka getini. Sijui ni wangapi walikuwa wanangoja damu tu.

Baba Njeri aliporudi kupimwa, mimi bado nikiwa kazini, daktari alimwonyesha ukuta ukipiga, akamsihi asiache vidonge na asikose kliniki. Nikamletea kiti mlangoni. Alikitazama, akavaa koti lake la kazi lenye matundu ya cheche.

"Wapelekee wagonjwa," akasema.

Akatoka kwa miguu yake, akashika njia ya Landless. Kila kliniki daktari aliniuliza kama nimemwona. Hakurudi tena, na mpaka leo sijui kama bado anachomelea mageti.