Moshi Juu ya Mnazi

Nisijipe sifa ya uchamungu. Tumbaku niliiacha kwa wivu, na wivu wenyewe nilimwonea shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu aliyenitendea wema tu maisha yake yote. Wema wake ndio uliokuwa ukinichoma zaidi.

Enzi hizo za Mjerumani tulikuwa wakwezi wawili katika shamba moja la minazi, upande wa Utende. Tulivuta kiko kimoja, tukakohoa kikohozi kimoja. Mwezi wa Rajabu akaniambia, "Shemeji, mimi basi tena. Kifua kimechoka." Nikamcheka. Wiki chache tu, mimi niko nusu ya mnazi wa tatu, nimeukumbatia natweta, na yeye yuko kileleni mwa wa tano anaimba. Anaimba! Nilitamani sauti imkauke.

Hayo ningeyastahimili. Lakini binti yangu, mtoto wa miaka mitatu, alianza kulala kwa mjomba wake. Kila adhuhuri, nikishaoga nikamwita alale kifuani pangu, anaziba pua. "Baba ananuka. Kifua chake kinalia." Kisha huyo, mbio, nyumba ya pili. Namwona kutoka barazani kwangu, amelala fofofo juu ya kifua cha mjomba, mate yanamtoka. Mtoto wangu mwenyewe!

"Si uache na wewe," mke wangu akasema.

"Kwa hiyo kakako ndiye mwanamume, mimi gogo?"

"Nani kasema gogo?"

Nikazidi kuvuta, kumkomoa. Kumkomoa nani, mpaka leo sijui.

Ramadhani ikaingia. Siku ya nne uvumilivu ukanishinda. Nikapanda mnazi mrefu kuliko yote, msokoto wa tumbaku na kibiriti nimefutika kiunoni, nikajificha katikati ya makuti nikavuta. Mungu anaona, nilijua, lakini mimi nilikuwa naogopa majirani. Mara nikasikia sauti ya binti yangu chini, yuko mabegani mwa mjomba wake. Kwa fadhaa nikauchomeka msokoto kwenye kilifu, ule utando mkavu unaoshika mashina ya makuti. Ebo! Mkwezi mzima nimesahau kwamba kilifu ndicho tunachowashia moto jikoni! Kikashika. Moshi ukapanda juu, watu wakatoka majumbani: "Mnazi unawaka!"

Nilikohoa hata kushuka nikashindwa. Shemeji akapanda na gunia bichi begani, hata kutweta hakutweta, akauzima moto, akanishusha hatua kwa hatua. Watu wakauliza kulikoni. Akajibu, "Alikuwa anafukuza nyuki." Yaani aliitia doa funga yake kwa uongo, ili aisitiri yangu iliyokwisha haribika. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote. Nikamnyooshea binti yangu mikono, nimchukue twende nyumbani. Akaziba pua mbele ya mtaa mzima.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikakiponda kiko kwa mchi.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nilitetemeka, nilimfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi ya futari, nikatafuna tangawizi mpaka ulimi ukachubuka. Kila jioni roho inaniambia, vuta moja tu, utaacha baada ya Idi. Nikimwona shemeji na binti yangu begani, roho inanyamaza. Idi ikaja ikapita. Mchuzi wa papa ukanirudia ladha yake, nikashangaa kumbe mke wangu anajua kupika hivi. Siku moja nikajikuta kileleni mwa mnazi wa sita na sijapumzika hata mara moja.

Adhuhuri hiyo nilikuwa nimejilaza barazani. Binti yangu akapita mbio kuelekea nyumba ya pili, akasita, akarudi. Akaweka sikio kifuani pangu, akasikiliza kama mtu anayechagua nazi kwa mlio wa maji.

"Hakilii," akasema. Akapanda juu yangu, akalala.

Shemeji akaita kutoka kwake, "Mpwa wangu leo haji?" Akaita tena. Nilimwacha aite mara ya tatu, ndipo nikajibu, taratibu nisimwamshe:

"Amelala kwa baba yake."