Ndinda na Herufi za Kikamba

Mwaka wa tisini na nane Ndinda Kiilu alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Thika, juu ya duka la mbolea. Alikuwa na mkono mwepesi na subira fupi. Kitu kikiharibika, yeye alishakifungua kabla hujamaliza kumweleza shida yenyewe.

Kanisa lao lilitaka kuchapiwa nyimbo za Kikamba za Pasaka, na programu ya kuandikia pale chuoni haikujua herufi ĩ wala ũ. Lakini ilikuwa programu ya bure, maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, yeyote ayasome, ayarekebishe, kisha awatumie wenye programu marekebisho yake. Ndinda alitafuta sehemu inayochora herufi kwenye skrini, akachomeka zake, na neno mũndũ likatokea safi. Hakuangalia kwingine. Alikwenda Ruiru kwa rafiki yake Saida, ambaye ofisi yao ilikuwa na imeli, wakatuma.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja wa Kanada aliyeitunza programu hiyo. Ndinda aliporudi Ruiru, Saida alimsomea.

"Anasema asante, lakini hawezi kuipokea kazi yako. Umeiweka pahali si pake. Anataka kwanza uelewe vile programu imepangwa."

"Imepangwa aje? Na si inafanya kazi!"

"Ulijaribu kuprinti?"

Hakuwa amejaribu. Alipojaribu, karatasi ilitoka na mu~ndu~. Mzee Nzioki, shemasi wao, aliigeuzageuza. "Mwalimu, hii minyoo ni ya nini?"

Ndinda alitamani ardhi ipasuke. Ikabidi aanze kusoma alichokiruka: faili juu ya faili, maelezo mengine ni ya Kifaransa, mengine hayapo kabisa. Alisonya, akapiga meza, akazima mashine, akaiwasha tena. Mwishowe aliacha kusoma ovyo, akafuata herufi moja tu tangu inapobonyezwa: inahifadhiwa wapi, nani anaipeleka kwenye skrini, nani kwenye printa. Hapo ndipo alipoona kwamba kila sehemu huuliza sehemu moja ya katikati herufi gani zinatambulika. Yeye alikuwa ameidanganya skrini peke yake.

Aliandika upya, huko katikati, akatuma. Mama wa Kanada akajibu: sasa umefika penyewe, ila kuna wengine wawili wanaibomoa sehemu hiyo kuijenga upya. Subiri.

"Nisubiri!" Ndinda alimfokea Saida, kana kwamba ndiye aliyeandika. "Nimevunjika mgongo, halafu nisubiri?"

"Mimi nasoma tu, dada."

Pasaka ilifika. Nyimbo zilichapwa kwa i na u kavu, bila alama zake, wanakwaya wakaongeza alama kwa biro, kila mtu kivyake. Herufi ziliingia kwenye programu mwaka uliofuata, kazi ya wale wawili, na mistari michache ya Ndinda ndani yake.

Alikimbia kumwambia Mzee Nzioki.

"Ni vizuri, mwalimu," shemasi alisema. "Lakini nyimbo tulishazikariri."