Fundi anayefungua difu kabla mkebe haujajaa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kawangware haijamaliza kunawa uso, na Benard Osewe tayari amelala chali topeni, chini ya lori. Amejitandikia gunia. Spana iko mkononi lakini nati hajaigusa. Anamngoja mwenye lori aje ajionee.

Mwenye lori, Mzee Muigai, anafika na mwavuli, uso wake ukiwa wa mtu aliyekosa chai. Ploti hii ni yake, gereji ni yake, na lori hili la kuvuta magari mabovu, bredauni kama wanavyoliita hapa, ni lake. Mvua hizi za Novemba 1997 zimemfungulia neema. Magari yanakwama kila pembe ya Nairobi, na tangu jana mtu wa Limuru anampigia simu kuhusu kenta yake iliyozama matopeni.

"Osewe, hiyo difu si ulibadilisha oili juzi? Mkebe uko na vifuniko ngapi?"

"Kumi na tisa, mzee."

"Na sheria ni ngapi?"

"Thelathini."

"Sheria ni yako, si yangu. Kagiri, washa gari tuende."

"Kagiri, usiwashe!" inatoka sauti ya Osewe chini ya lori.

Kagiri, dereva, ameketi nyuma ya usukani na ufunguo umeshaingia. Anamtazama tajiri wake, anaitazama mvua, na hauzungushi.

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake meno hukutana na meno ili nguvu ya injini ifike magurudumuni, na kinachoyazuia yasitafunane ni oili nzito. Swali la ni lini ibadilishwe limemnyima Osewe usingizi kuliko swali lingine lolote la ufundi.

"Gari ya kawaida unaweza sahau difu hata mwaka," anasema fundi huyu wa miaka arobaini na mmoja. "Hii ya kuvuta inabeba uzito wake na uzito wa mwingine. Wewe kata huo mwaka nusu. Na kama inapanda milima, kata tena."

Kukata nusu kunahitaji kipimo, na mita ya kilomita ya lori hili ilikufa kabla Osewe hajaajiriwa hapa mwaka 1991. Basi akabuni mkebe. Kila gari likivutwa, dereva anatumbukiza kifuniko kimoja cha soda. Vikifika thelathini, oili inamwagwa. Mafundi wa jirani walimcheka, kisha wakamwiga.

Hesabu hiyo ilikuwa na tundu ambalo hakuna aliyeliona. Ukivuta kigari kutoka Riruta hadi hapa, mwendo ambao mtu angeutembea na kikombe cha chai kisimwagike, ni kifuniko kimoja. Ukivuta lori lenye shehena kutoka Mai Mahiu, ukapanda ukingo wote wa Bonde la Ufa, ni kifuniko kimoja vilevile.

Agosti 1995, mkebe ukiwa na vifuniko ishirini na viwili, difu ilivunjika meno katikati ya mlima huo, lori la viazi likining'inia nyuma. Breki hazikuweza kushika mizigo miwili. Magari yote mawili yalirudi kinyumenyume hadi yakajibamiza kwenye ukuta wa udongo. Kagiri alitoka hai, ila goti lake la kulia halikunji vizuri hadi leo.

"Watu wanasema ajali haina kinga," anasema Osewe, akiitazama mikono yake. "Hiyo ilikuwa na kinga. Kinga ni oili, na mimi ndiye nilipanga hesabu."

Tangu hapo mlima ni vifuniko vitatu. Maji hayana hesabu kabisa: lori likizama hadi katikati ya gurudumu, difu lazima ifunguliwe, hata mkebe ukiwa mtupu. Na jana jioni Kagiri alivuta gari kutoka bondeni Riruta, mto ukiwa umefika kwenye ekseli.

"Difu ikiwa moto, uiingize kwa maji baridi, inavuta pumzi. Sasa pumzi yenyewe ndiyo maji," anaeleza Osewe.

Kwa kawaida oili humwagwa ikiwa moto, ili itoke na uchafu wake. Lakini fundi akishuku maji huliacha gari lilale, kwa kuwa maji ni mazito na usiku hushuka chini ya oili. Likiwashwa na kwenda hatua chache tu, vyote vinavurugika, na mwenye gari ataapa kwamba oili ni nzima.

Ndiyo maana Kagiri hakutakiwa kuwasha. Na ndiyo maana Osewe hakulala vizuri. Jana Muigai alimwambia waziwazi kwamba akilisimamisha tena lori bure wakati huu wa kazi, afunge spana zake aende. Osewe alitembea hadi nyumbani Kianda, Kibera, akamweleza mkewe, Aluoch, anayeuza omena mlangoni. Wana watoto wanne, na gereji humpa shilingi mia mbili na hamsini kwa siku, siku ambazo kazi ipo.

"Na kama ni oili tu?" Aluoch aliuliza.

"Basi nitatafuta gereji ingine."

"Haya. Lakini ufungue," mke akamjibu.

Sasa Muigai amechoka kusimama. Mtoto akililia wembe, mpe.

"Fungua basi. Lakini unajua tulisema nini."

Osewe anazungusha spana mara mbili, kisha anamalizia kwa vidole. Nati inatoka. Kinachoanguka kwenye karai si cheusi wala si kizito. Ni maji ya rangi ya kutu, yanachuruzika kama ya bomba, kikombe kizima na zaidi, ndipo oili inafuata, imevurugika kama chai ya maziwa.

Mzee Muigai anainama na mwavuli wake, anachovya kidole, ananusa.

"Hii ni maji."

"Ni maji, mzee."

Muigai anajifuta kidole kwa leso, polepole. "Huyo mtu wa Limuru angoje," anasema.

Kazi inachukua saa mbili. Osewe anaisuuza difu kwa dizeli, anaiacha ichuruzike hadi tone la mwisho, anafunga nati, anajaza oili mpya mpaka inaanza kudondoka kwenye tundu la kujazia. Mkebe unamwagwa. Hesabu inaanza upya.

Kabla ya kuondoka, Kagiri anafanya jambo ambalo amelifanya kila safari tangu atoke hospitali. Anashuka, anajilaza topeni, mguu mbovu akiunyoosha pembeni, na anaipapasa nati kwa vidole vyake mwenyewe. Osewe anamshikia tochi.

"Sikasiriki. Ni haki yake," anasema Osewe baadaye. "Kinachoniuma ni kumwona akiinuka."

Kwa hiyo ana mpango. Kwa miezi mingi amekuwa akimwomba Muigai ile kona ya karibu na ua achimbe shimo la kukagulia magari, lenye kuta za saruji. Leo, akikung'uta mwavuli, mzee alisema neno moja tu: "Chimba."

Mashimo ya Kawangware huwa na vyuma vitatu vya kukanyagia, kisha unaruka. La Osewe litakuwa na ngazi kumi na nne fupifupi, na bomba la kushikilia upande wa kulia. Jumapili iliyopita alimwomba Kagiri ainue mguu juu ya tofali, kisha juu ya mawili.

"Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia napima tu," anasema Osewe. "Sitaki aache kukagua. Akague, lakini akague akiwa amesimama."