Chumvi niliyoitoa kwenye mzigo siku tulipokimbia Kindu

Wakuu, salamu kutoka Kampene. Huwa nasoma tu humu, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Hii imenichukua siku nne. Sikuongeza kitu, na palipo na aibu yangu nimepaacha palivyo.

Juzi nilikuta uzi watu wanaulizana mtu apakie nini akienda safari ya kuona wanyama. Kofia, darubini, dawa ya mbu, nguo za rangi ya udongo. Ushauri mzuri. Nilitaka kujibu pale pale, nikaona jibu langu litawaharibia mazungumzo.

Safari yangu ya kwanza kufungiwa mzigo nilikuwa na miaka kama minane. Ilikuwa wakati wa vita.

Tulikuwa tunakaa Kindu, mtaa wa Mikelenge, nyumba ile ile anayokaa Mama leo. Baba alikuwa ameshuka na mto mpaka Lokandu kununua samaki, njia ikafungwa nyuma yake. Tukabaki watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Zaina, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Asubuhi moja risasi zikasikika karibu. Majirani wakaanza kutoka. Mama akafunga mizigo.

Alikuwa na sheria moja: kila mtu anayetembea kwa miguu yake abebe chumvi yake. Alisema tukipotezana porini, mwenye chumvi atapata muhogo kwa yeyote. Wakati ule chumvi ilikuwa inatafutwa kuliko pesa. Yangu aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka kwenye mfuko wangu wa mgongoni pamoja na shuka na kiberiti.

Alipoingia chumbani kumfunga Zaina mgongoni, niliitoa. Nikaificha nyuma ya mtungi wa maji. Mahali pake nikaweka viatu vya Baba, vile vyeusi vya sikukuu.

Baba alikuwa ameondoka na kandambili. Niliwaza tutamkuta njiani, na miguu itakuwa inamuuma.

Porini tulikaa wiki nyingi, sikuzihesabu. Chumvi ya Mama ikaisha. Halafu Zaina akashikwa na homa, mwili unawaka, hataki kula wala kunywa.

Kulikuwa na mzee mmoja mkimbizi kama sisi, alikuwa na vidonge vya malaria. Mama akamwendea. Mzee akasema, "Mama, mimi sikatai. Leta chumvi."

Mama akanigeukia. "Rama, chumvi yako iko wapi?"

Nikajibu, "Ilianguka mu maji, siku tulivuka mto."

Mama alinitazama kidogo, kisha akavuta vile viatu kutoka kwenye mfuko wangu, akampa mzee. Mzee akavigeuza, akacheka bila furaha. "Hii viatu ya mujini nitavaa niende wapi? Chumvi, mama. Niko na watoto pia."

Mama aliomba mpaka sauti ikakauka. Mwisho mzee akatoa kidonge kimoja, akasema hicho ni cha Mungu, kingine hana.

Siku ya tatu asubuhi Zaina hakuamka. Mama alikata kitenge chake nusu, tukamfunika, tukamzika kando ya njia. Leo hata nikirudi siwezi kupajua.

Tuliporudi Kindu nyumba ilikuwa tupu, hata mlango walibeba. Baba hakurudi. Mpaka leo hatujui alifikia wapi.

Sasa wakuu, kitu kilichonila si hicho peke yake. Ni kwamba nyumbani kwetu jina la Zaina halikutajwa tena. Miaka yote hiyo mimi na Mama tunakula sahani moja, na kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Nilikuwa naogopa akijua hatanitazama tena kama mtoto wake.

Mwezi uliopita nilipata kazi Kampene, ya kutengeneza baiskeli. Asubuhi ya kuondoka Mama alikuwa ananipangia begi. Mashati, sabuni, mchele kidogo. Halafu akaleta chumvi, ameifunga kwenye kitambaa.

"Mama, Kampene maduka iko. Chumvi iko."

"Weka tu. Unabishana na mimi juu ya chumvi?"

Nikaketi chini. Nikamwambia yote: mtungi, viatu, na kwamba hakuna kitu kilichoanguka majini.

Mama aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Niliiona."

Sikuelewa.

"Ile siku yenyewe niliiona nyuma ya mtungi, nilirudi kuchukua sufuria. Mutoto mugongoni, mizigo kichwani, risasi inalia. Nikasema mu roho, ikae, kesho kutwa tutarudi. Nikaiacha na macho yangu."

Nikamuuliza, mbona kule porini aliniuliza iko wapi?

"Nilizania labda ulirudilia kuichukua. Nilikuwa naomba Mungu iwe hivyo."

Akaliweka lile shati begini. Halafu akasema, "Miaka yote naogopa utakumbuka kama niliingia ndani nyuma yako, ujue niliiona."

Kumbe kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake.

Mtu wa pikipiki aliyekuja kunichukua alipiga honi nje mpaka akachoka, akatutukana kidogo, akaenda zake. Sisi tulikuwa tunaongea juu ya Zaina. Mama alinikumbusha alivyokuwa anaita kuku kwa jina la jirani, na jirani anaitika. Tulicheka, halafu Mama akalia, nikamwacha alie.

Niliondoka kesho yake.

Nilichojifunza: mzigo unaojaza peke yako kwa siri, mwenzako naye anaubeba na hamwambiani. Mimi nilichelewa zaidi ya miaka ishirini. Kama mtu wako bado yuko hai, usingoje siku ya safari.

Kidonge kimoja au kumi, sijui kama angepona. Hapo sina jibu, na sitafuti wa kunidanganya.

Waliowahi kukimbia, mlibeba nini, na mliacha nini? Niandikieni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.