Damu ya Punda wa Maganzo

Nilikuwa afisa mifugo wa kata karibu na Maganzo wakati mtafiti alipokuja kutafuta punda. Alikuwa binti wa chuo kikuu, mdogo wangu kwa umri, ila kwa elimu alikuwa amenipita mbali. Alikuwa anachunguza virusi vinavyoshambulia kuta za mishipa ya damu ya farasi, na ambavyo huwapata punda pia. Farasi kwetu hakuna. Punda wako kila mahali, na alitaka kujua kama ugonjwa huo umeshawafikia.

Kazi yangu ilikuwa kumpeleka kwa wafugaji na kuwaeleza kwa Kisukuma tunachotaka. Wengi walidhani tumetumwa na wanunuzi wa ngozi za punda. Wakituona tu na boksi letu la barafu, waliwaswaga punda wao vichakani.

Mama mmoja hakuwaficha wake. Alikuwa akiwapelekea maji wachimbaji wadogo wanaochekecha kokoto za almasi, na alikuwa na punda majike wawili na dume moja, kubwa, lenye kifua kipana. Nilimwamkia, akanijibu, "Marahaba, ng'wanone," yaani mwanangu, ingawa hatukuwa tumewahi kuongea.

"Majike wangu wote wawili wametupa mimba," alisema. "Huyu mwaka jana, yule juzijuzi. Kama damu itasema sababu, chukueni."

Mtafiti alichoma mshipa wa shingo wa kila punda, akajaza vichupa vyake, tukaondoka.

Majibu yaliporudi, punda wote watatu walikuwa na kingamwili. Maana yake ni kwamba virusi viliwahi kuingia katika miili yao. Mtafiti alinieleza taratibu kwamba jike hupona na virusi vikamwisha mwilini, lakini baadhi ya madume hubaki wamebeba virusi kwenye mbegu zao bila dalili yoyote, wakaambukiza kila jike wanalopanda. Dume la namna hiyo likihasiwa, virusi huisha. Tulirudi, tukachukua mbegu za lile dume kwa taabu kubwa, zikapelekwa maabara ya mbali.

"Asipandishwe kwanza," mtafiti alisema. "Tusubiri."

Yeye akarudi chuoni. Mimi nikabaki, na wiki zikapita bila majibu. Mvua zilikuwa zimekaribia na majirani walishaanza kuleta majike wao kwa lile dume, maana lilisifiwa mpaka vijiji vya ng'ambo. Nikamwendea yule mama, nikamwambia dume lihasiwe.

Alikuwa anafunga madumu mgongoni mwa punda. Hakuacha kazi.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ila ndiye anayewaharibia mimba majike."

"Unajua, au unadhani?"

"Najua, mama."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimeona kingamwili, nimesikia habari za mimba mbili, nikaviunganisha mwenyewe. Lakini nilikuwa nimevaa koti jeupe, na pale kijijini waliniita daktari.

Alikaza kamba, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Kesho yake nililichoma dume ganzi nikalihasi. Kidonda kilipona vizuri. Majirani wakaacha kuja.

Kama mwezi mmoja baadaye mtafiti alinipigia simu. Alikuwa na furaha. "Lile dume la Maganzo ni safi," alisema. "Mbegu zake hazina virusi. Mwambie mama anaweza kuendelea kulipandisha."

Nikamwambia nilichofanya.

"Utaenda kumwambia?" aliuliza.

"Nitaenda."

Nilikawia siku nne kabla ya kwenda. Nilimkuta njiani anarudi kutoka machimboni, madumu yakiwa matupu, dume likitangulia. Nilimweleza yote hapohapo barabarani, sikujitetea.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," alisema.

"Hakuwa yeye."

"Basi mimba zilitoka kwa nini?"

"Sijui, mama. Huenda ni virusi hivyohivyo walivyovipata kwa punda mwingine. Huenda ni mizigo. Sijui."

"Hilo 'sijui' ungenipa siku ile."

Hakupandisha sauti. Aliliswaga dume, wakaendelea na safari yao. Nilibaki nimeshika pikipiki yangu, nikijisikia mdogo kuliko nilivyowahi kujisikia tangu niajiriwe. Kwa miezi mingi nilipokutana naye nilimwamkia, akaitikia, tukaishia hapo.

Majike wake alikuja kuwapandisha kwa dume la mtu wa Mhunze. Mmoja hakushika mimba. Mwingine alizaa salama, mtoto mwenye masikio marefu kuliko mwili, na habari hiyo niliipata kwa watu. Mtafiti aliporudi kuchukua damu mara ya mwisho, nilimwambia huenda kwa yule mama tusipokewe. Tulikwenda hivyohivyo.

Alitupa vigoda, akatuletea uji. Kisha alimshika mtoto wa punda shingoni yeye mwenyewe, akamtuliza kwa Kisukuma huku akimkuna nyuma ya sikio.

"Chukueni," alisema. Alimtazama mtafiti, si mimi. "Lakini majibu ya huyu uniletee wewe."

Mtafiti aliitikia. Mimi nilishika kichupa, damu ikaingia.