Moto wa Jumapili na Mihogo ya Mama

Shamba letu kule Merikit linapakana na msitu, na siku hizi hiyo ni balaa tupu. Kila kiangazi msitu unaungua: mara wachoma makaa, mara wawindaji wa panya, mara hata hujui nani. Ndiyo maana majirani wameacha mihogo ya miaka miwili. Wanapanda ile ya haraka haraka, wanaing'oa kabla moto haujafika, imejaa maji. Unga wake hauna nguvu. Naichukia mpaka leo.

Mama alikataa katakata. Alikuwa na mbegu aliyokuja nayo alipoolewa, mihogo inayokaa ardhini miaka miwili bila kuoza. Kijiji kizima ilikuwa imebaki kwetu tu. Akivuna, alikata vijiti, akavifunga matita na kuyasimamisha chini ya miti ya ukingoni, yapate kivuli mpaka mvua. Vijiti hivyo ndivyo mbegu yenyewe. Vikipotea, huna cha kupanda.

Jumapili moja, tukiwa tumeshavuna shamba lote na mama yuko kanisani, niliona moshi msituni. Kwetu moto ukija, watu huwasha mwingine mpakani mwa shamba uende kukutana nao, lakini kwanza husubiri upepo uelekee kule kwenye ule mkubwa. Mimi sikusubiri. Nilijiona najua. Upepo ulikuwa bado unavuma kuja kwetu, moto wangu ukarudi na kula matita yote. Ule wa msituni, kwa taarifa yako, ulizimikia kwenye kinamasi. Haukutufikia kabisa.

Mama aliporudi hakuniuliza kitu. Lawama zote alimtupia jirani yetu, mzee anayechoma nyasi ili kuwinda panya, nami nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Mama akaacha kumsalimia, na wanawake wenzake wa kanisani wakaacha pia. Na sisi tukaanza kupanda ile mihogo ya maji.

Mwaka jana mvua zilipoanza, mzee yule alitukuta shambani, mimi na mama, akisukuma baiskeli yenye tita la vijiti. Mbegu ileile ya mama, alikuwa ameipata kwa wakwe zake huko Iyolwa.

"Mama, mimi naleta mbegu yako ile ya zamani," alisema. "Watu nasema mimi nilichoma. Mimi sikuchoma, lakini wewe chukua tu."

"Wewe nachoma, halafu wewe naleta?" Mama alimgeuzia mgongo. "Rudisha! Mimi siwezi panda kitu ya mkono yako."

Mzee alinitazama. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha: mama angepata mbegu yake, na yeye angerudi kuwa mtu mbele za watu. Niliinama nikajifanya napalilia. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kujipa. Alikaza kamba ya tita lake, akageuza baiskeli, akaenda.

Jioni mama alinisifu kwa kutomjibu yule mtu. Alisema amenilea vizuri.